Bakuli la Mpingo Dirishani

Simu ilipolia nilikuwa barazani kwa mwanangu, Mbweni, namenya machungwa. Sauti ya mwanamke ikauliza, "Samahani, naongea na Mama Kulwa?" Nikamwambia amekosea namba, nikakata. Mimi ni Mama Beni. Kulwa ni jina la pacha aliyetangulia, kama Doto lilivyo la yule anayemfuata, na mimi sijawahi kuzaa mapacha, wala kwa umri huu sina mpango huo. Ikalia tena. "Mama, usikate. Mie Doto, mtoto wa Mama Side wa Mtoni. Mama amefariki jana jioni. Tunazika leo alasiri, huku Mbagala." Nikaweka kisu chini. Mama Side nilimfahamu vizuri mno, nilikaa naye mlango kwa mlango tukiwa wapangaji, na kwa muda fulani hakuna mtu katika mji huu niliyemchukia kama yeye. Lakini Doto sikumjua. Mtoto wa kike wa Mama Side aliitwa Mwajuma, nami nilikuwapo wiki aliyozaliwa, na alikuja duniani peke yake. Nilimaliza kumenya chungwa langu, nikala vipande viwili, kingine nikakiacha kwenye kisosi ukingoni mwa baraza kama ninavyofanya kila kipupwe kinapoingia. Mwanangu anadhani mama yake ni msahaulifu. Halafu nikaenda kutafuta khanga za msiba, na mawazo yangu yote yakawa yameshafika Mtoni, kwenye mwaka ule.

Nyumba ya Bi Salma ilikuwa ya ukumbi mmoja mrefu, vyumba huku na huku, mbele duka lake, nyuma uani. Bi Salma alikuwa wa familia ya Waarabu wa siku nyingi pale Mtoni; aliuza unga, mafuta na sabuni za vipande, na sauti yake ya kukemea watoto ilisikika kutoka dukani hadi bafuni. Wapangaji tulipika wote uani kwa majiko ya mkaa. Kulikuwa na jambo moja ambalo sijaliona katika nyumba nyingine niliyokaa: majiko yalihama kwa mwaka. Upepo wa kusi ukishika, moshi ulikwenda vyumba vya upande wangu, basi sisi tulidai majiko yasogezwe kwenye ukuta wa bafu. Kaskazi ikianza kuvuma, moshi ulielekea dukani, na Bi Salma mwenyewe alitoka na ufagio kuamuru kila mtu arudi alikotoka. Kila zamu ilikuwa na ugomvi wake, nani asogee, nani amemwagia mwenzake majivu. Nakumbuka nikicheka sana na ugomvi ule mwanzoni, nilipokuwa na ujauzito, nimekaa kwenye kigoda nikichambua mchele, na Mama Side aliyekuwa na tumbo kama langu akaniambia, "Shoga, wetu wakitoka watazoea moshi kabla ya maziwa."

Wa kwangu alizaliwa masika yanaanza. Aliishi asubuhi moja. Damiani, mume wangu, alikwenda kumzika na wanaume wawili wa kazini kwake huku mimi bado niko wodini, na niliporudi nyumbani nilikuta ukumbi umefagiliwa kama siku nyingine yoyote. Hakuna mkeka uliotandikwa. Mtoto mchanga hawekewi matanga, ndivyo ilivyokuwa, kwetu kusini na hata pale mjini. Wanawake walipita mmoja mmoja mlangoni, wakasema, "Pole, utapata mwingine," wakaenda kuangalia vyungu vyao. Kanisani niliambiwa kwa upole kwamba kwa kuwa hakuwahi kubatizwa hakuna cha kumsomea. Siku chache baadaye Mama Side akajifungua salama, na nyumba nzima ikajaa harufu ya uji wa pilipili manga wa mzazi. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nimejifunga khanga kifuani kwa nguvu ili maziwa yakauke. Sikumwonea wivu, au niseme nilimwonea, lakini si hilo lililoniuma. Kilichoniuma ni kwamba hakuna mtu hata mmoja, si muuguzi, si shangazi, si Damiani, aliyeniuliza mtoto wangu alifananaje. Wanawake wote wa nyumba ile waliitwa kwa watoto wao, Mama Side, Mama Pili. Mimi niliendelea kuwa Mke wa Damiani.

Asubuhi moja niliamka nikakohoa. Moshi ulikuwa unaingia dirishani kwangu. Nikatoka, nikamkuta Bi Salma amevaa sweta la marehemu mumewe juu ya baibui, na nje barabarani mafungu ya machungwa yamepangwa mpaka kwa fundi baiskeli. Kipupwe kilikuwa kimeingia. Nilisimama pale nikawaza kitu kidogo tu, kwamba mwanangu alijua mvua peke yake. Hakuwahi kuambiwa kwamba kuna baridi, kwamba kuna machungwa. Nikanunua machungwa, nikarudi, nikafunga mlango. Nikafagia chumba kutoka kitandani hadi kizingitini. Kwa hesabu zangu angekuwa na umri wa kuonjeshwa maji ya chungwa kwa ncha ya kidole, basi nikakamua kidogo kwenye kisosi, nikaweka dirishani, nikakaa chini nikamwambia, "Sasa ni kipupwe. Moshi umegeuka. Bi Salma amevaa sweta na watu wanagombea ukuta wa bafu." Nilimweleza habari za nje kama unavyomweleza mgonjwa. Kisha nikatoka nikamwaga yale maji kwenye shina la mpapai. Siku ile nilikula mchana na nikashiba, mara ya kwanza tangu wodini.

Nikajiwekea utaratibu. Kila majira yakigeuka nitafagia, nitatafuta chakula cha majira hayo kwa kadiri ya meno ambayo angekuwa nayo, nitamtengea wa kwanza, nitamwambia yaliyoko, na sitalia mpaka nimalize. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa na hasira na kila aliyewahi kunifundisha kitu, na nadhani niliipenda ibada ile kwa sababu hiyo hasa, kwamba haikupita mkononi mwa mtu. Bi Salma alinishika siku moja dukani, akiwa anapima unga. "Jumapili sikuoni ukitoka." Nikamwambia siku hizi siendi. "Na msikitini huji." Nikamwambia siji. "Basi wewe mpagani," akasema, kwa sauti ileile ambayo angeniambia kwamba mafuta ya taa yamekwisha, akanifungia unga wangu. Nilikwenda na neno lile chumbani nikalijaribu, nikaona linanienea.

Damiani alikuwa mchongaji. Alishinda bandani na wenzake wakichonga mpingo, akarudi jioni na vumbi jeusi kwenye kope. Hatukuwa tumezungumza habari ya mtoto hata siku moja. Tulizunguka lile jambo kama watu wanaozunguka shimo uani. Alikuwa amekiona kisosi dirishani na hakusema kitu. Kisha jioni moja akaweka mezani kifurushi cha gazeti. Ndani kulikuwa na bakuli dogo la mpingo, limelainishwa mpaka linang'aa, ukubwa wa kiganja. "Kisosi kitavunjika," akasema, akachukua ndoo akaenda kuoga. Nililishika bakuli lile hadi giza likaingia. Sijui kama nimewahi kupewa kitu kizuri zaidi, na ndicho kilichotutia matatani, kwa sababu kisosi cha kawaida kingeweza kuwa kisosi tu, lakini chombo cheusi cha mchonga vinyago, kimewekwa dirishani na chakula ndani, kwa macho ya majirani kilikuwa na maana moja.

Vuli ilipofika nilipika uji wa ulezi, mwembamba, wa mtoto wa miezi kadhaa. Nilitengea, nikasema yangu, nikaenda kumwaga mpapaini. Mama Side alikuwa anaanika nepi. Alinitazama kuanzia mkono hadi mdomo, maana midomo yangu ilikuwa bado inatembea. Kesho yake nilikuwa bafuni, na bafu lile lilikuwa la makuti, kila neno la majikoni linafika. "Umekiona kile cheusi dirishani?" Ilikuwa sauti ya Mama Side. Mama Pili akasema amekiona. "Uji, shoga. Uji wa mtoto kabisa. Sasa mtoto yuko wapi?" Nikasikia jiko likipulizwa, kisha Mama Side tena. "Yule anafuga kitu chumbani." "Ndo mumewe fundi wa vinyago, ulitegemea nini?" Nilitamani nitoke vilevile na povu langu niwape vidonge vyao. Sikutoka. Nilisimama na kopo mkononi mpaka maji yakanikauka mwilini, kwa sababu nilikuwa nimesikia kitu kingine ndani ya maneno yale. Mtoto yuko wapi. Lilikuwa swali langu mwenyewe.

Baada ya hapo jiko langu likabaki peke yake kwenye pembe. Nilipoamkia watu, waliitika wakiwa wanageuka. Watoto waliitwa ndani nikipita ukumbini, na hilo ndilo nililoshindwa kulizoea, kwa sababu Mwajuma alikuwa ameanza kukaa mwenyewe na nilikuwa nikimtazama kwa pembe ya jicho ili nijue wangu angekuwa amefika wapi. Alipoota jino nililiona akiwa mgongoni mwa mama yake. Alipoanza kutambaa nilimsikia tu, viganja vikipiga sakafu ya ukumbi. Kaskazi ikaingia na joto lake, moshi ukageukia dukani, nikaponda embe bivu kwenye bakuli. Wiki hiyohiyo Mwajuma akashikwa na degedege. Mama Side alipita ukumbini akikimbia naye mikononi, mtoto amekakamaa, macho yamegeuka. Hospitali wakasema ni malaria, wakamtibu, akarudi amekonda lakini mzima. Jioni waliyorudi mama yake akaja akasimama mlangoni kwangu, hakuvuka kizingiti. "Felista, mie sina ugomvi na wewe. Lakini hicho unachokilisha, kiambie wangu hana nafasi ya kucheza nacho." Hakupaza sauti. Niliona wazi kwamba ananiogopa. Nikasema sina kitu, nikafunga mlango.

Wapangaji wakaenda kwa Bi Salma: aondoke Felista au tuondoke sisi. Damiani alisema tuhame, vyumba viko vingi hadi Mbagala. Alikuwa anasema kweli na nilimkatalia. Nilitaka kitu kimoja tu, mwanangu afikishe mwaka, na afikishe mle ndani, maana kile ndicho chumba pekee alichowahi kukaa, hata kama alikaa akiwa tumboni. Masika hayakuwa mbali. Nilimwambia Damiani wakitaka watubebe na kitanda. Alinitazama, akasema, "Basi tubaki," akaenda kukaa nje.

Bi Salma alikuja baada ya sala ya alasiri. Akaingia bila hodi, nyumba ni yake, akakaa kitandani, akanyoosha kidole dirishani.

"Nini hicho?"

"Embe, Bi Salma."

"Naona embe. La nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, si kwa swali. "La mwanangu," nikasema.

"Yule wa masika?"

"Yule."

Akavua kandambili, akaziweka sawa. "Felista, hii ni shirki. Maiti hatengewi chakula dirishani."

"Si maiti. Ni mwanangu."

Nikamweleza yote, chungwa, uji, moshi, mpapai, kwamba kila majira nampa habari ya majira. Nilieleza kwa hasira, kama mtu anayetoa ushahidi, na nilipomaliza nikatarajia aniambie nifunge mizigo. Badala yake akasema, "Ukifunga mlango, watu watajaza wenyewe kilichoko ndani. Mie mtu wa dukani, nawajua. Masika yakiingia utapika uani, mlango wazi, na watoto wa nyumba hii watakula. Sie mtu wetu akitutangulia tunalisha watoto. Hutaki, utahama."

Nilijisikia kama mtu anayeporwa. Nikamwambia hiyo ni dini yake, yangu ni nyingine.

"Yako ina waumini wangapi?"

"Mmoja."

"Basi huyo mmoja ajifunze kupakua," akasema, akavaa kandambili zake. Sikumsamehe mpaka siku yenyewe, na hata leo sijui kama alinionea huruma au alikuwa anaokoa tu nyumba yake isibaki tupu. Nadhani yote mawili.

Masika yalianza usiku kwa mvua kubwa na kumbikumbi kuizunguka taa ya ukumbi. Asubuhi moshi ulikuwa bado haujachagua upande. Nikafagia kutoka kitandani hadi kizingitini, na safari hii nikaendelea, ukumbi wote hadi uani. Nikapika wali wa nazi na maharage, chakula cha mtu mzima, kwa sababu mtoto wa mwaka anakula chakula cha watu. Nikatandika mkeka chini ya bati la majikoni. Nikapakua sinia moja kubwa, na pembeni yake nikaweka lile bakuli jeusi, limejaa. Hakuna aliyekuja. Watoto walisimama milangoni, kila mmoja ameshikwa bega na mama yake, harufu ya nazi imewafikia, wanameza mate. Nilikaa mbele ya chakula changu nikaona jinsi nitakavyokimwaga chote mpapaini. Kisha Bi Salma akatoka dukani, akavuta kigoda, akanawa, akasema bismillahi na kutia tonge mdomoni mbele ya watu wote, yeye aliyeiita shirki. Akatafuna taratibu. "Chumvi imepungua," akasema. Mama Pili akamwachia wa kwake, na wengine wakafuata, sinia likazungukwa.

Mama Side alikuwa bado mlangoni kwake, Mwajuma kiunoni. Akaliangalia bakuli. "Na hilo la nani?" akauliza, na hata watoto wakaacha kulamba vidole. Ningeweza kusema la mtu yeyote.

"La mwanangu," nikasema. "Leo anafikisha mwaka."

Nilikuwa sijawahi kulisema mbele ya watu. Mama Side akampandisha Mwajuma vizuri kiunoni. Nilimwona akihesabu, mvua zile, uji ule wa pilipili manga, chumba cha pili. "Wangu anafikisha Ijumaa," akasema mwishowe. Akaja, akakanyaga mkeka, akamkalisha Mwajuma mbele ya bakuli la mpingo. Mtoto akanyoosha mkono kwenye wali na mama yake akaudaka. "Subiri," akamwambia. "Aanze mkubwa." Tukasubiri. Mvua ilikuwa inadondoka kwenye bati, na wote tuliokuwa pale, Waislamu, Wakristo na mpagani mmoja, tulimsubiri mwanangu ale. Halafu Mama Side akaniambia, bila kunitazama, "Haya, mpe na mdogo." Nikafinyanga tonge dogo nikamlisha Mwajuma kwa mkono wangu.

Hakuniomba radhi, na mimi sikudai. Tulisogezeana majiko na kukopeshana chumvi, ikatosha. Mwaka uliofuata Damiani alipata kazi upande mwingine wa mji, tukahama, na bakuli nikamwachia Mwajuma. Beni alizaliwa, Bi Salma alifariki, baadaye Damiani naye. Na Mama Side tulibaki watu wa salamu za Idi na Krismasi kwenye simu, maneno mawili matatu. Niliendelea na ibada yangu kimyakimya, nikiamini kwamba katika dunia nzima bado ina muumini mmoja.

Mbagala nilikuta turubai, wanaume wamesharudi makaburini, wanawake wamejaa ndani. Nilikaa ukutani. Msichana mrefu mwenye macho ya Mama Side akaja na sahani ya wali, akapiga magoti. "Shikamoo mama. Mie ndo Doto niliyekupigia." Nikaitikia marahaba, nikamwambia mimi namjua kwa jina la Mwajuma. "Hilo la shule," akasema. "Kwenye simu ya mama umeandikwa Mama Kulwa, ndo maana nikakuita vile. Yeye alikuwaga anakuita hivyo siku zote. Anasema nina mwenzangu amenitangulia siku chache, kwa mama mwingine. Nilivyokuwa mdogo nilidhani kila mtu yuko hivyo." Alicheka kidogo, akafuta macho kwa upindo wa khanga. "Masika yakianza tu anapika, anatoa kile kibakuli cheusi, hatugusi mpaka aseme. Aanze mkubwa. Mtaa wote huu wanajua mie pacha."

Miaka yote ile nimekuwa Mama Kulwa huku Mbagala, na nilipoitwa nikasema wamekosea namba. Doto akasogea karibu, akapunguza sauti kwa sababu wazee walikuwa wameanza kusoma. "Mama, nilikuwaga namuuliza Kulwa alifananaje. Ananijibu, mie sikumwona, siku ukikutana na mama yake muulize."

Nilitaka nilie kwanza, nikaona nitamchelewesha.

"Alikuwa na nywele nyingi," nikamwambia. "Nyeusi, zimemshuka mpaka shingoni. Muuguzi alicheka, akasema huyu wasusi watamkimbia."